Theluji ya ziwa: usiliamini dirisha lako

Aliyekulia Mwanza, Kisumu au Bukoba anajua kwamba ziwa kubwa huzaa mvua yake lenyewe. Usiku radi hunguruma juu ya maji huku nchi kavu ikiwa shwari. Buffalo, katika jimbo la New York, ambako sasa kuna familia nyingi zilizotoka Kongo na Burundi, Ziwa Erie nalo huzaa mvua yake, ila huko inashuka ikiwa theluji.

Ifikapo Novemba, maji ya ziwa bado yana joto la kiangazi. Hewa kavu yenye baridi kali kutoka Kanada ikipita juu yake hufyonza joto na mvuke, hupanda, hugeuka wingu, kisha humwaga theluji ng'ambo ya pili. Watabiri huangalia kama maji yana joto zaidi kuliko hewa iliyo kwenye kimo cha mita 1,500 kwa nyuzi 13 za Selsiasi au zaidi. Huangalia pia upepo umesafiri umbali gani juu ya maji. Ziwa Erie lina urefu wa kilomita 388 na limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na Buffalo iko kwenye ncha ambako upepo huo unatua. Kina chake ni wastani wa mita 19 tu, kwa hiyo miaka mingi huganda katikati ya baridi, na barafu ikishalifunika, theluji hii hupungua sana. Ziwa Ontario, lenye kina cha wastani wa mita 86, ni nadra kuganda lote. Ndiyo maana miji ya Oswego na Syracuse, iliyo upande wa ziwa hilo, huendelea kuipata theluji hii hata Februari na Machi.

Jambo linalowaponza wageni, na wenyeji pia, ni kwamba theluji hii hushuka kwa mkanda mwembamba. Mkanda unaweza kuwa na upana wa kilomita 10 hadi 30, ukasimama mahali pamoja kwa saa nyingi ukimwaga sentimita 5 hadi 10 kila saa. Upepo ukigeuka kidogo tu, mkanda unahama. Novemba 2014 vitongoji vya kusini na mashariki mwa Buffalo vilipata zaidi ya mita moja na nusu, huku kaskazini mwa mji, kilomita chache tu kutoka hapo, watu wakipata sentimita chache. Kwa hiyo jua linalowaka mlangoni kwako halikuambii chochote kuhusu barabara ya kwenda kazini. Kabla ya kuwasha gari, angalia picha ya rada na usome onyo la idara ya hali ya hewa la wilaya unayoishi, la ile unayokwenda, na la zile za njiani. Kukitangazwa marufuku ya kuendesha, baki nyumbani. Katika dhoruba ya Desemba 2022, zaidi ya watu 40 walikufa eneo la Buffalo, baadhi yao ndani ya magari yaliyokwama, na magari ya wagonjwa yenyewe yalishindwa kupita.

Ukikwama, usishuke kutembea, hata kama unadhani nyumba iko karibu. Theluji ikipeperushwa na upepo huoni hata mkono wako. Kwanza fukua bomba la ekzosi. Kisha washa injini kwa dakika 10 tu kila saa, ukiacha upenyo kwenye dirisha la upande usiopigwa na upepo. Bomba likizibwa, moshi hurudi ndani pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Fukua tena kila mara kabla ya kuwasha.

Hatari hiyohiyo iko nyumbani, na hapa ndipo tungeomba kila mpangaji atoke nje leo akatazame. Mashine nyingi za gesi za kupashia nyumba joto hutoa moshi kwa mabomba ya plastiki yaliyochomoza ukutani, mara nyingi chini ya kimo cha kiuno. Upepo ukirundika theluji hapo, mashine huzima, au gesi huingia ndani. Wakati wa dhoruba yakague kila baada ya saa chache na uondoe theluji kwa mkono au ufagio, kwani beleshi huyapasua. Weka king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani hata kidogo, wala gereji iliyo wazi si mahali pake. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka nyumbani. Watu kadhaa wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja bila homa, tokeni nje wote, kisha pigeni 911, namba ya dharura. Taja anwani kwanza, halafu sema "Swahili" ili uombe mkalimani.

Kuhusu beleshi, tupige hesabu. Njia ya gari yenye mita 3 kwa 10, ikiwa na theluji laini ya sentimita 30, hubeba karibu kilo 900. Ikilowa huwa mara mbili au tatu. Baridi hubana mishipa, na kujikaza huku umezuia pumzi hupandisha shinikizo la damu, ndiyo maana watu huanguka kwa moyo wakizoa theluji. Sukuma badala ya kuinua, pumzika kila dakika 15, na zoa kila ikifika sentimita 10 badala ya kungoja iishe yote. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aombe jirani. Chumvi ya kawaida huyeyusha barafu mpaka karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, mwaga mchanga ili viatu vishike.