Si kila gemu yenye Batman ni ya mtoto

Katika kazi yangu ya ushauri wa malezi huwauliza wazazi mtoto anacheza gemu gani. Jibu linakuja upesi, tena kwa kujiamini: "Hizi za kawaida tu, za Batman na Spider-Man." Ukimwuliza mzazi huyo huyo gemu yenyewe inaitwaje, kimya.

Dhana: Shujaa ni wa katuni, kwa hiyo gemu yake ni ya watoto.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mzazi amemwona Batman kwenye begi la shule na kwenye fulana ya mtoto, basi anadhani sura ile ni cheti cha usalama. Shujaa ni mmoja, lakini gemu zake hutengenezewa wanunuzi tofauti. LEGO Batman 3 ilitoka mwaka 2014, Batman: Arkham Knight ikafuata 2015. Zote mbili zilitolewa na Warner Bros. Ya kwanza ina alama ya E10+, yaani miaka 10 na kuendelea, ya ESRB, chombo kinachopanga umri wa gemu kule Marekani, na alama ya 7 ya PEGI, chombo kama hicho cha Ulaya. Ya pili ina M, yaani miaka 17 na kuendelea, na PEGI wameipa 18. Batman ni yule yule, jalada nalo lina rangi nzuri tu.

Ndani sasa. Kwenye LEGO adui akipigwa anasambaratika vipande vya plastiki, na shujaa akifa anarudi papo hapo. Arkham Knight inafungua kwa maiti ya Joker, adui mkubwa wa Batman, ndani ya tanuri, na mchezaji ndiye anayebonyeza kitufe kuiwasha. Nieleze mtoto wa miaka sita anafanya nini hapo. Spider-Man ya 2018 ni nyepesi kuliko hiyo, lakini ina shambulio la bomu lenye vifo na msiba wa mtu wa karibu sana na shujaa. ESRB waliiweka T, miaka 13. PEGI wakasema 16.

Vyombo hivi viwili havikubaliani kila mara, kama mnavyoona. Mimi nachukua umri mkubwa kati ya hiyo miwili. Kisha tafuta YouTube mtu anayeicheza gemu yenyewe, uache tangazo lake, maana tangazo limekatwakatwa ili liuze. Usitazame mwanzo peke yake. Ruka hadi katikati, ambako mapigano yamekolea. Angalia adui akianguka inakuwaje: anayeyuka, anatawanyika, au kamera inapunguza mwendo ili uone vizuri mfupa unavyovunjika? Dakika ishirini zinatosha. Wazazi wengi huniambia hawana muda huo, ila muda wa kulinganisha bei walikuwa nao.

Dhana: Alama ya umri inaonyesha ugumu wa gemu.

Hapana, hapana. "Mwanangu ana akili, hiyo ya 16 anaimaliza" si hoja. Alama inahusu yaliyomo: vurugu, vitisho, lugha chafu, kamari. Gemu ya PEGI 3 inaweza kumshinda mtu mzima, na ya 18 ikachezwa na mtoto yeyote anayejua kushika pedi ya kuchezea gemu.

Dhana: Anajua ni mchezo tu, hawezi kuathirika.

Kujua ni jambo moja, kuogopa ni jingine. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukuambia vizuri kabisa kwamba yule mtu wa kutisha si wa kweli, na usiku asikubali kulala peke yake. Kuhusu kuiga, mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha tangu 1961 kwamba watoto wadogo waliomwona mtu mzima akimpiga mdoli walirudia mapigo yale yale, hata maneno yake. Sisemi gemu huzalisha majambazi, na wanaosema hivyo wananichosha vilevile. Ila shujaa anapiga kwa haki, anashangiliwa, na tatizo linaisha kwa ngumi. Mtoto wako akinyang'anywa mwanasesere na mdogo wake, somo analo tayari.

Dhana: Hakuna damu, basi hakuna shida.

Angalia mambo mawili: inachezwa mtandaoni, na inauza vitu ndani yake? ESRB wenyewe huandika kwamba maongezi ya wachezaji mtandaoni hayamo katika alama yao. Kwa hiyo gemu safi kabisa inaweza kumletea mtoto matusi ya mtu mzima asiyemjua, sikioni. Na nguo mpya ya shujaa inalipiwa kwa kadi yako.

Zima maongezi ya sauti na uweke nenosiri kwenye manunuzi kabla hujamkabidhi pedi. Akishazoea kuongea na "marafiki" zake humo, kuyazima ni vita vya wiki nzima.