Masega Mapya ya Gari Nchini Marekani: Yanayosemwa na Yanayotakiwa na Sheria

Taa ya injini inawaka, fundi anachomeka mashine, anasoma namba ya hitilafu P0420 (kompyuta ya gari inaona masega hayasafishi moshi ipasavyo), na mwenye gari anaanza kutafuta masega mapya ya ekzosi, yaani kifaa cha kusafisha moshi (catalytic converter). Mtandaoni anakuta bidhaa mbili zinazofanana kwa macho, moja ikiwa na bei mara kadhaa ya nyingine. Hapo ndipo maneno ya vijiweni yanapowagharimu watu, hasa waliohamia California, New York, Colorado au Maine, yenye masharti makali zaidi ya masega, wakitokea majimbo yasiyo na masharti hayo.

“Yakishakubaliwa na EPA, yanafaa jimbo lolote.”

Si kweli. EPA ni mamlaka ya mazingira ya serikali ya shirikisho, lakini sheria ya hewa safi inairuhusu California iwe na viwango vyake vikali zaidi, kwa sababu ya moshi uliokuwa ukiifunika Los Angeles tangu miaka ya 1940. Majimbo mengine yanaruhusiwa kuviiga. Bodi ya hewa ya California, CARB, ilikaza masharti ya masega ya badala kuanzia 2009: lazima yasafishe moshi vizuri zaidi na yadumu zaidi. Ndiyo maana kwa kawaida huwekwa platinamu, paladiamu na rodiamu nyingi zaidi, na bei inapanda. Anayedhani analipia jina tu hajui kilichomo ndani ya lile kopo.

New York ina tofauti yake: kinachoangaliwa ni gari lilitengenezwa kwa viwango gani. Lililoidhinishwa kwa viwango vya California linahitaji masega ya CARB. Lililoidhinishwa kwa viwango vya shirikisho linaweza kufungwa ya EPA. California hakuna nafuu hiyo.

“Mradi yana namba ya kibali cha CARB, yafunge tu.”

Hili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu humwangusha mtu aliyekwisha kulipa bei kubwa. Kibali cha CARB hutolewa kwa magari yaliyotajwa: mwaka, modeli, ukubwa wa injini na kundi la majaribio (magari yaliyoidhinishwa pamoja kwa kipimo kimoja cha moshi). Fungua boneti utafute karatasi ya moshi iliyobandikwa na kiwanda. Kwa magari ya miaka ya karibuni utaona jina la kundi hilo: mfululizo wa herufi na tarakimu 12. Ya kwanza ni mwaka wa modeli, tatu zinazofuata ni mtengenezaji (TYX ni Toyota, HNX ni Honda), na mbele yake kuna ukubwa wa injini. Karatasi hiyohiyo inaeleza kama gari ni la viwango vya California, vya shirikisho, au vyote viwili. Linganisha na orodha ya CARB kabla ya kutoa pesa. Magari mawili ya modeli moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na makundi tofauti.

“Moshi ukipimwa ukaonekana safi, nimepita.”

Tangu 2015, magari mengi ya petroli ya kuanzia 2000 huko California hayapimwi tena kwa kuingiza kipimo kwenye bomba. Kompyuta ya gari husomwa, kisha mkaguzi anaangalia chini kwa macho. Anatafuta namba ya kibali na mshale wa uelekeo wa moshi kwenye bati la masega. Namba isipokuwepo au isipolingana na gari, umefeli hata kama injini inapumua vizuri.

“P0420 maana yake masega yamekufa.”

Huenda yamekufa, huenda ekzosi inavuja kabla ya sensa (kihisi cha oksijeni), au sensa yenyewe imechoka. Na kama injini inakosa moto au inakula oili, masega mapya yataungua vilevile. Tafuta chanzo kwanza. Isitoshe, masharti ya EPA yanaitaka gereji iwe na sababu iliyoandikwa kabla ya kubadilisha, kwa hiyo fundi anayekataa kufunga bila kupima hakusumbui, anafuata sheria.

Kumbuka pia dhamana: sheria ya shirikisho inamtaka mtengenezaji wa gari dogo agharamie masega kwa miaka 8 au maili 80,000, kimojawapo kitakachotangulia. Watu wengi hulipa wenyewe wakati bado wamo ndani ya muda huo.

“Gari ni langu, nikitaka nayatoa.”

Tangu marekebisho ya 1990, marufuku ya kuondoa kifaa cha kusafisha moshi inamhusu kila mtu, siyo gereji peke yake.

“Ya skrepa ni nafuu na ni ya kiwandani.”

California hairuhusu kuuza wala kufunga masega yaliyokwisha kutumika. Nunua mapya, na uiambie gereji iandike namba ya kibali kwenye risiti: dhamana ya masega ya CARB ni miaka 5 au maili 50,000, na bila karatasi hiyo ni vigumu kuidai.