Je, wajua pigo lililoimaliza Roma lilipigwa Afrika?

Kuanguka kwa Roma kukitajwa, wengi hukumbuka mwaka 410, Wagothi, kabila la Kijerumani chini ya mfalme Alaric, walipoingia mjini na kupora kwa siku tatu. Aibu ilikuwa kubwa, lakini dola haikufa, maana kodi ilikuwa bado inaingia. Pigo ambalo haikupona lilikuja mwaka 439 huko Carthage, katika Tunisia ya leo.

Eneo hilo, pamoja na mashariki ya Algeria, ndilo lililoilisha Roma kwa ngano na mafuta ya zeituni. Ngano nyingi haikununuliwa: ilitozwa kama kodi, ikapakiwa merikebuni, ikavushwa bahari. Tena mashamba hayo yalikuwa mbali na mito ya Rhine na Danube, mipaka ya dola huko Ulaya, ambako vita havikuisha, kwa hiyo mavuno yake ndiyo yaliyogharimia majeshi ya kwingine.

Wavandali, moja ya makabila ambayo Warumi waliyaita ya kishenzi, walivuka Rhine mwishoni mwa mwaka 406, wakapita Ufaransa ya leo na kufika Hispania. Mwaka 429 mfalme wao Geiseric aliwavusha mlango wa bahari wa Gibraltar hadi Afrika, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo. Wakauzingira mji wa Hippo, ambao sasa ni Annaba, Algeria. Askofu Augustino alifariki humo Agosti 430 maadui wakiwa nje ya kuta. Kisha, Oktoba 19, 439, huku mkataba wa amani ukiwapo, Geiseric akaitwaa Carthage kwa ghafla.

Mimi huona yaliyofuata yanaeleza mengi kuliko vita vyenyewe. Miaka michache baadaye Kaisari Valentinian III alikiri ndani ya sheria yake kwamba mapato hayatoshi kuwalisha wala kuwavisha askari waliopo, sembuse wapya. Akaanzisha ushuru wa mauzo: sehemu moja kati ya 24 ya bei, muuzaji na mnunuzi wakichangia nusu kwa nusu. Haukuziba pengo.

Mwaka 468 Constantinople, makao makuu ya nusu ya mashariki ya dola, ilituma mamia ya merikebu kuikomboa Afrika. Karibu na Rasi Bon, huko Tunisia, Wavandali walisubiri upepo uwageukie, wakazisukuma mashua zinazowaka moto katikati ya merikebu hizo, na jaribio likashindwa. Mwaka 476 askari wa kigeni waliokuwa wakiilinda Italia walidai ardhi. Waliponyimwa, kiongozi wao Odoacer alimng'oa Romulus Augustulus, kaisari wa mwisho wa nusu ya magharibi ya dola, yenye Roma.