Mwendo wa maongezi: maana yake kwa anayejiandaa na marathoni ya kwanza

Jumapili yangu ya kwanza na klabu ya jogging, tulikuwa tunapanda Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, jua bado halijatoka. Mzee mmoja akaja sambamba nami. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza natokea wapi.

"Tanga."

"Tanga sehemu gani?"

"Pa... ngani."

Akacheka. "Punguza, mwanangu. Kwa mwendo huu Pangani hufiki."

Sikujua kama nilikuwa napimwa. Kipimo chenyewe ndicho kinachoitwa mwendo wa maongezi: kasi ya kukimbia inayokuruhusu kusema sentensi nzima mpaka mwisho bila kuikatisha ili uvute hewa. Ukitoa maneno matatu kisha ukahema, umeshatoka nje yake. Ukiweza hata kuimba, uko ndani kabisa.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mwendo huu, ila hakutajiwa jina. Mchakamchaka ulikuwa huohuo. Kiongozi anatupa mstari, wenzake wanaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Wale wakorofi wa mbele wakichochea kasi, kinachokufa kwanza ni kiitikio: kinafifia, wanabaki watu wawili watatu, halafu ni mihemo mitupu. Kiongozi mzuri alikuwa anawarudisha chini ili wimbo usife. Watafiti wa Marekani walipokipima kipimo hiki maabara, waliwakimbiza watu kwenye mashine huku wakikariri kiapo cha bendera yao. Sisi tuliimba.

Kwa nini ulimi ujue habari za miguu? Kuongea kunataka utoe pumzi polepole, kwa mkupuo mrefu. Misuli ikizidishiwa kazi, hewa ukaa huongezeka kwenye damu na mwili unataka kuitoa haraka, kwa pumzi fupi za mfululizo. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja, na mwili ukilazimika kuchagua, maneno ndiyo yanayoachwa. Kwa hiyo pale sentensi inapokatika ndipo mwili unapohama kutoka kazi inayovumilika kwa saa nyingi kwenda ile yenye deni, isiyodumu muda mrefu.

Na marathoni ni kazi ya saa nyingi. Ni kilomita 42.195, na anayekimbia kila kilomita kwa dakika 7 atakuwa barabarani karibu saa tano. Ukikimbia, unachoma takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 70 anahitaji karibu kalori 2,950 hadi mwisho. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, yaani glaikojeni, unatoa kama 2,000 tu. Kinachobaki kitoke kwenye mafuta ya mwili na kwenye unachokula njiani. Sasa mafuta tunayo ya kutosha, hata wembamba, lakini yanaungua taratibu. Ukienda kasi, mwili unavamia wanga. Ukienda kwa mwendo wa maongezi, mafuta yanachangia sehemu kubwa zaidi, na wiki baada ya wiki misuli inajenga mishipa midogo ya damu na mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli) za kuyatumia vizuri zaidi. Anayeishiwa kilomita ya 30, miguu ikageuka magogo, mara nyingi aliharibu hesabu hii katika kilomita kumi za kwanza, alipokuwa anajiona shujaa.

Halafu kuna mifupa na kano. Moyo na pumzi za anayeanza kukimbia huimarika ndani ya wiki chache. Kano huchukua miezi. Ndiyo maana watu wengi huumia ugoko au kisigino wakati uleule wanapoanza kujisikia wako fiti. Pumzi inaruhusu, mguu bado.

Kosa la wanaoanza (langu likiwemo) si kukimbia kasi sana. Ni kukimbia kasi ya katikati kila siku: si taratibu kiasi cha kupumzisha mwili, si haraka kiasi cha kuujenga. Unarudi nyumbani umechoka, unaamini umefanya kazi. Wakimbiaji wakubwa wa mbio ndefu wamechunguzwa, na karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi. Mkenya Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 mjini Chicago mwaka 2023, kila kilomita ilimchukua chini ya dakika 3. Nenda Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, siku ya mazoezi mepesi uone watu wa daraja hilo wakianza kwa dakika 5 au zaidi kwa kilomita, wanapiga soga. Mimi na tumbo langu nilikuwa naona aibu kwenda kwa dakika 8.

Mwendo huu hauna namba maalumu, na hapo ndipo saa ya mkononi inapotudanganya. Dar, saa mbili asubuhi, joto na unyevu vikipanda, moyo unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kupoza mwili, hivyo dakika 7 za alfajiri zinaweza kuwa dakika 8 bila wewe kulegea popote. Nairobi ni baridi, lakini iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni ni chache, na mtu wa pwani anaanza kukata maneno kwa kasi ileile aliyokuwa anahadithia nayo kwao. Saa inasema umezembea. Sikiliza sentensi.

Ukikimbia peke yako, soma kwa sauti ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa. Watu watakushangaa, wazoee. Kwenye mlima sentensi ikikatika, tembea; kutembea hakuharibu zoezi. Mara moja kwa wiki, baada ya miezi miwili mitatu ya msingi, ongeza zoezi la kasi ambalo hutaweza kuongea. Moja linatosha.

Siku ya mashindano niliyokwenda kukimbia Nairobi, nilijilazimisha kupiga gumzo hadi nusu ya njia, nikimchosha jirani yangu na habari za Pangani. Baada ya kilomita ya 30 kundi letu zima lilinyamaza. Kijana mmoja akaniuliza maji yako wapi. Nikamwonyesha kwa kidole.