Je, wajua kwa nini ekstensheni ya runinga hupata moto?

Ekstensheni iliyo nyuma ya meza ya runinga ndiyo inayosahaulika kuliko zote nyumbani. Hubeba runinga, king'amuzi, sabufa na pengine mashine ya gemu, na huachwa imewashwa usiku na mchana. Siku mtu akiigusa na kuikuta ya moto, husema vifaa vimezidi. Mara nyingi sivyo.

Tupige hesabu. Runinga ya LED ya inchi 55 hula kati ya wati 80 na 150. King'amuzi hula 10 hadi 20, sabufa ya nyumbani kwa sauti ya kawaida haivuki 100, na mashine kubwa ya gemu hufika kama 200. Jumla yake haifiki wati 500. Gawanya kwa volti 230 upate ampea 2.2 hivi, wakati ekstensheni yenyewe imeandikwa ampea 13. Kwa mzigo huo, waya mzima hautakiwi hata kuwa vuguvugu.

Basi joto linatoka wapi? Joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachopita, kinachopimwa kwa ampea. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Chomeka birika au pasi ya wati 2,000 kwenye ekstensheni hiyohiyo: mzigo unatoka wati 500 hadi 2,500, yaani mara tano, na joto ndani ya waya linaruka mara 25. Ndiyo maana ekstensheni ya runinga ibaki ya runinga. Pasi, birika, hita na feni ya kupasha joto viende kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja.

Halafu kuna suala la waya uliokunjwa. Wengi huamini kwamba waya ukiviringwa unageuka sumaku na ndiyo sababu ya moto. Sivyo. Ndani ya waya huo laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) hubeba mkondo uleule kwa pande zinazopingana, kwa hiyo usumaku wa mmoja hufutwa na wa mwenzake. Kosa ni kwamba joto halina pa kutokea. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.25, ukibeba ampea 11, yaani zile wati 2,500, hutoa wati 3 na ushei kwa kila mita. Ukiwa umenyooshwa, hewa hulichukua joto hilo. Mita 10 zikiwa zimeviringwa na kufungwa kwa kamba, wati zaidi ya 30 zinabanwa mahali pamoja, na mizunguko ya katikati ndiyo inayoiva. Shaba ikipata moto ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, nao hupanda, kama asilimia 20 kwa kila nyuzi 50 za Selsiasi, kwa hiyo joto linazaa joto. Plastiki ya kawaida ya nyaya hizi imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Ikizidi hapo hulainika, nyaya za ndani zinakaribiana, na shoti inafuata. Ekstensheni za roli, ambazo waya wake huviringwa kwenye gurudumu, huandikwa viwango viwili, cha waya uliokunjwa na cha waya uliokunjuliwa wote. Tofauti yake ni kubwa, visome.

Kwa meza ya runinga, nunua ya mita 2 badala ya 10. Ziada ikibaki, ilaze kwa mikunjo mikubwa iliyolegea, kamwe isiwe chini ya zulia. Usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni, kwani ile ya kwanza hubeba mzigo wa zote.

Kama mzigo ni mdogo, waya umenyooka, na bado kuna moto, mtuhumiwa ni soketi iliyolegea. Plagi isipobanwa sawasawa, ukinzani wa nusu omu (kipimo cha ukinzani) tu pale kwenye mguso hutoa wati 2 hivi kwa ampea 2.2, lakini zaidi ya wati 60 kwa ampea 11, zote kwenye doa dogo la chuma. Fyuzi hailioni tatizo hili, kwa sababu mkondo haujazidi. Dalili zake ni plagi kugeuka kahawia, mlio wa kukwaruza, au harufu kama ya samaki pasipo samaki. Soketi ya namna hiyo haitengenezwi kwa kukunja pini za plagi, itupwe.

Kupima ni rahisi. Washa vifaa vyote kwa saa moja, zima, chomoa plagi ya ukutani, kisha gusa plagi na mwili wa ekstensheni kwa upande wa nyuma wa vidole. Chaja zinaruhusiwa kuwa vuguvugu, ekstensheni hairuhusiwi kuwa ya moto. Angalia pia maandishi juu ya waya, kwa milimita za mraba: 0.75 ni kwa ampea 6 hivi, 1.0 kwa 10, 1.25 kwa 13. Ukiona herufi CCA, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba kamili. Waya wa 0.75 wenye fyuzi ya 13 ni hatari iliyojificha: fyuzi hiyo inaweza kuvumilia hata ampea 20 kwa dakika nyingi, na waya unaweza kuungua kabla yake.

Jambo moja la kuwafurahisha wapenda muziki: runinga na amplifaya zikichomekwa kwenye soketi za pande tofauti za chumba, tofauti ndogo ya waya wa ethi (ule wa usalama unaokwenda ardhini) huweza kuleta mvumo kwenye spika. Ekstensheni moja nzuri yenye pini ya ethi kwa vyote mara nyingi huumaliza.

Ekstensheni za kuzuia umeme wa ghafla zina kifaa kinachochakaa kila kinapopokea pigo. Taa yake ya ulinzi ikizimika, soketi zitaendelea kutoa umeme bila kinga yoyote. Na kabla radi haijaanza, chomoa pia waya wa antena au dishi, maana umeme huingia kwenye runinga kwa njia hiyo vilevile.