Kabla ya kuchonga silinda za injini ya zamani

Mtu akiniletea bloku ya gari la zamani, swali lake karibu kila mara ni lile lile: "Fundi, tunaichonga ngapi? Ishirini au arobaini?" Anamaanisha elfu za inchi. Namwambia tulia kwanza. Chuma kikishatoka hakirudi, na bloku ya gari lililoacha kutengenezwa miaka 70 iliyopita si kitu cha kuagiza ukaletewa kesho.

Mimi huanza na ukucha. Upitishe ukutani kutoka chini kwenda mdomo wa silinda. Ukikwama kwenye kidaraja chembamba, hapo ndipo ringi ya juu, yaani pete ya chuma inayoizunguka pistoni na kugusa ukuta, inapoishia. Juu ya kidaraja ringi haigusi, kwa hiyo chuma ni kile kile cha kiwandani. Chini yake tu ndipo palipolika kuliko kwingine kote: pistoni husimama hapo kidogo ili igeuke, oili ni haba, na moto wa juu unaikandamiza ringi ukutani. Ukizidi kushuka, ulaji unapungua. Tena hauli sawasawa, maana kondrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ikiinama huisukumia pistoni ubavuni, na silinda iliyokuwa duara inaanza kufanana na yai.

Kuna wanaotia ringi mpya na kukiacha hicho kidaraja. Ringi ya zamani ililika pamoja nacho, kona zake zikawa butu. Mpya ina kona kali, itakigonga kila ikipanda mpaka ivunjike, au ivunje pistoni penye mfereji wake.

Kipimo chenyewe ni geji ya saa ya kupimia ndani: juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kufuata urefu wa krenki na kuikata. Kila silinda inakupa namba sita. Kama huna geji hiyo, chukua ringi, itie silindani, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae bila kuinama, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Anza chini kabisa, pasipolika, halafu panda hadi karibu na kidaraja. Tuseme chini umepata milimita 0.30 na juu 0.75. Tofauti ni 0.45, gawanya kwa 3.14, upate kama 0.14. Kipenyo kimepanuka hivyo. Yai hutaliona kwa njia hii, lakini utajua kama kuna haja ya kuipeleka bloku kwenye mashine.

Kwa silinda ya milimita 80 hivi, ulaji usiofika 0.05 siuchongi. Naondoa kidaraja, nasugua ukuta kwa mawe, natia ringi mpya, basi. Ukivuka 0.10 sibishani tena, naichonga.

Hapo pistoni zinunuliwe kwanza. Hili nililipia. Niliwahi kuchonga bloku kwa kufuata namba niliyosomewa kwenye simu kutoka kwenye boksi, pistoni zikiwa bado njiani. Zilipofika nikazipima kwa maikromita: zilikuwa ndogo kuliko ile namba, na silinda nilikwisha zipanua. Ikabidi nipande saizi inayofuata na kununua seti nyingine kwa hela yangu. Siku hizi mashine haiwashwi kabla pistoni hazijakaa mezani, na kila silinda inachongwa kwa pistoni yake.

Na usiamini nafasi kati ya pistoni na ukuta iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari kabla hujauliza pistoni ni za madini gani. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilitoka na pistoni za chuma cha kusubu ndani ya silinda za inchi 3.75. Leo wengi huiwekea za alumini, na alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Ukiipa nafasi ya zamani, itakwama ikishachemka.

Bloku iliyokwisha chongwa hadi kuta zikawa nyembamba, au yenye shimo la kutu, huwekwa slivu, yaani bomba la chuma linalokuwa ukuta mpya wa silinda. Slivu kavu, isiyoguswa na maji ya kupoza injini, huingia kwa kubana, kama milimita 0.05 hadi 0.075, juu ya ngazi ndogo iliyoachwa chini ili isishuke. Kubana huko kunaweza kuipinda silinda jirani, kwa hiyo slivu zote zinaingia kwanza ndipo uchongaji wa mwisho unaanza. Mwenye Citroën Traction Avant ana raha zake: slivu zake hukaa ndani ya maji, unazitoa na kuweka nyingine.

Kisu cha mashine nakisimamisha kikiwa kimebakiza kama 0.06. Zilizobaki zinamalizwa na mawe, kazi ambayo mafundi huiita "kuhoni", ingawa haina uhusiano na honi ya kupigia mtu akupishe. Mikwaruzo lazima ikatane mshazari, kama nyuzi 45, ili ishike oili. Ukuta unaong'aa kama kioo unapendeza machoni tu. Oili inauteleza, na ringi hazikai.

Kisha naosha, na siyo kwa petroli, kwa sababu inaondoa mafuta na kuacha unga wa mawe ndani ya mikwaruzo. Ni maji ya moto, sabuni na brashi. Napangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili; kikitoka na weusi naosha tena. Mara nyingi cha nne au cha tano ndicho hutoka cheupe, na papo hapo naupaka ukuta wote oili, kwani chuma kilichotoka kusuguliwa huanza kutu ukigeuza mgongo.