Je, wajua kwa nini mikrojeli, yaani chembe ndogo mno za jeli zinazovimba zikinywa kimiminika, hupikwa ndani ya gesi isiyoweza kuziyeyusha?

Kabonidayoksaidi ikipita nyuzi 31 za Selsiasi na kubanwa takriban mara 73 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, huacha kuwa gesi bila kuwa kimiminika. Hutapakaa chombo kizima, na bado huyeyusha vitu. Hali hiyo huitwa supakritiko. Viwandani hutumika kutoa kafeini kwenye buni.

Mafanikio hayo ya kahawa yamewafanya wengi waamini kwamba kiyeyushi hiki hakishindwi. Hushindwa sana! Kafeini ni molekuli ndogo, ilhali polima ni minyororo mirefu ya molekuli ndogo zilizoungana, na karibu zote hukataa kuyeyuka humo isipokuwa zenye florini au silikoni. Ndiyo maana mwanakemia Joseph DeSimone na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, mwaka 1992, walianza na polima za florini. Wengine husikia hayo wakasema basi kiyeyushi hakifai. Nao wamekosea, kwa maana mikrojeli huzaliwa kutokana na kushindwa huko.

Monoma (molekuli ndogo zinazoungana kuwa polima), viunganishi (vinavyofunga mnyororo kwa mnyororo) na kianzishi (kinachoanzisha mmenyuko) huyeyuka vizuri katika kabonidayoksaidi iliyo ndani ya chombo cha chuma. Minyororo hurefuka, hufungamana kuwa wavu, hadi kabonidayoksaidi isiweze tena kuibeba. Hapo hujitenga kama chembe ndogo mno. Kwa nini chembe hizo zisigandamane kuwa bonge? Tazama maziwa. Chembe zake za protini zina vinyweleo vinavyozitenganisha. Kamulia ndimu, vinyweleo hulala, chembe hushikana, maziwa hukatika. Katika mikrojeli, kazi ya vinyweleo hufanywa na kiimarishi: upande mmoja hung'ang'ania polima, mkia wake wa silikoni au florini huelea kwenye kabonidayoksaidi. Kuna polima zenye viunganishi vingi zilizotoka duara bila kiimarishi, ila wavu uliokazwa hivyo hauvimbi sana.

Kazi ikiisha, valvu hufunguliwa, gesi hutoka, hubaki unga mkavu. Jeli kamili, na haijawahi kuonja maji! Ikiwa imetengenezwa kwa polima ya PNIPAM, ukiitia majini huvimba, kisha maji yakipita nyuzi 32 hivi hunywea. Kiwango hicho kiko karibu na joto la mwili, kwa hiyo watafiti wa dawa huipenda.

Njia hii husifiwa kwamba hutunza mazingira, ila sifa hiyo ipokewe kwa kiasi. Kutengenezea jeli majini hudai kuisafisha na kuikausha, lakini pampu na vyombo vya chuma kinene navyo hula umeme na fedha, na viimarishi vya florini huchukua muda mrefu mno kuoza.